Kisu cha Namba Moja, sehemu ya tisa: Asichokijua Mkufunzi

"Hiyo mashine yenu," alisema Mzee Taratibu akiwa chali juu ya meza ya upasuaji, "haijui..."

Dawa ikamchukua. Akalala mdomo wazi, sentensi ikabaki nusu.

Hapo ndipo nilipowaacha, na wiki nzima nimetukanwa. Msomaji mmoja amenitumia ujumbe kwamba mimi ni katili nisiye na utu. Sawa, nimesikia. Lakini jamani, kama ninyi mmekaa siku saba mkijiuliza mashine haijui nini, basi mwoneeni huruma Namba Moja. Yeye alikuwa na kisu mkononi, kinena cha mwalimu wake kimeshafunguliwa, na siku saba hakuwa nazo.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo, nitasema haraka haraka. Namba Moja ni daktari mwanafunzi, mwaka wa tatu wa upasuaji. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kwenye ubao wa alama pale koridoni hajawahi kushika nafasi ya pili. Anayempa alama si mtu. Ni Mkufunzi, akili ya kompyuta iliyotazama video mia nne za operesheni za Mzee Taratibu, ikajifunza mikono yake, na sasa inawafundisha vijana. Huwasemesha kwa kidude cha sikioni, na kwenye skrini huwachorea mstari wa kijani pa kupitisha kisu.

Mkufunzi alipokwisha kuiva, Mzee aliagwa kwa hotuba na saa ya ukutani. Walisema anachelewesha foleni.

Leo asubuhi kaletwa kwa machela, ngiri imenyongwa pale juu ya paja, utumbo umebanwa na unakufa. Daktari bingwa pekee aliyebaki amesafiri kwenda kwenye mkutano kumsifia Mkufunzi, mwendo wa saa sita kwa gari. Basi kisu kikamwangukia mwanafunzi.

"Kata," sauti ilisema sikioni mwake. Ni sauti tamu, haikohoi wala haichoki. "Mstari wa kijani. Milimita nane."

Mstari ulikuwa umelala juu ya ukanda mgumu mweupe, ule unaoukaba utumbo. Ukikatwa, utumbo unapumua. Namba Moja alishaukata mara mia na kumi na mbili kwenye mafunzo ya skrini, na hakuwahi kupata chini ya alama tisini na saba.

Mkono ukagoma.

"Haijui nini?" alinong'ona. "Bwana Usingizi, alikuwa anataka kusema nini?"

Bwana Usingizi ndiye mwenye dawa za kulaza, mtu mnene mwenye miwani kichwani. Alijikuna shingo. "Nilidhani anabwabwaja, nikamwongezea dawa. Ganzi ya mgongo inamzuia maumivu, ile nyingine ni ya kumtuliza tu. Hupenda kuongea wakishatulizwa."

"Umemnyamazisha!"

"Nimemtuliza, Daktari. Ndiyo kazi yangu."

Nyuma ya kioo, Mkurugenzi wa hospitali alibonyeza kitufe cha spika. Huyu naye ni daktari, tena ana vyeti vyake vyote ukutani, ila mara ya mwisho kushika kisu ilikuwa siku ya kukata keki ya uzinduzi wa Mkufunzi.

"Kuna tatizo gani? Mbona umesimama?"

"Dakika moja, Mkurugenzi."

"Utumbo hauna dakika moja!"

Na kweli haukuwa nayo. Kile kitanzi cha utumbo kilichojitokeza kilikuwa na rangi ya zambarau, na upande mmoja kilianza kuwa cheusi. Akikata vibaya mzee atakufa. Asipokata mzee atakufa pia, ila polepole zaidi. Namba Moja aliogopa. Naandika hivyo hivyo bila kupamba.

"Sista," alimgeukia muuguzi wa vyombo, mama mtu mzima aliyekuwa ameshika mkasi tayari. "Umewahi kufanya kazi na huyu?"

"Huyu? Miaka kumi na tisa."

"Akifika hapa alikuwa anafanya nini?"

Sista akafikiri kidogo. "Alikuwa anasimama."

"Anasimama vipi?"

"Anasimama tu. Macho kafumba, mkono umo ndani, hasemi neno. Dakika nzima, siku nyingine mbili. Sisi tulikuwa tunasema mzee anaomba dua. Mimi nilikuwa nachukua nafasi hiyo kupumzisha miguu."

"Halafu?"

"Halafu anafumbua macho, anasema, 'Mgeni hayupo,' anakata. Mara mojamoja alisema, 'Mgeni yupo.' Hapo anaomba uzi kabla ya kisu."

"Mgeni gani, Sista?"

"Mwanangu, mimi ni mtu wa vyombo. Sikuuliza. Nilijua ni mambo yake ya uzee."

"Umesimama sekunde hamsini na tano," Mkufunzi alimkumbusha. "Alama zako sasa ni themanini na moja. Kata."

Jasho lilimtoka Namba Moja chini ya barakoa. Mia na kumi na mbili! Katika masomo yote hayo, Mkufunzi hakusimama hapa hata mara moja. Kafundishwa na mikono ya Mzee, na Mzee alikuwa anasimama. Sasa kusimama kwenyewe kumekwenda wapi?

"Mkufunzi," alisema kwa sauti, "nionyeshe video ya Mzee. Hatua hii hii."

"Hii itapunguza alama za muda."

"Onyesha!"

Skrini ikawaka. Mikono ya Mzee Taratibu ikaonekana, mipana, imejaa kwenye glavu. Kidole kikaingia nyuma ya ukanda, na papo hapo kisu kikawa kinakata.

"Rudisha."

Kidole kikaingia. Kisu kikakata.

"Rudisha tena, polepole. Sista, angalia kile kitambaa pembeni ya jeraha."

Sista akainama, kisha akaruka kama aliyekanyaga moto. "Mbona kilikuwa cheupe! Kufumba na kufumbua kimelowa damu."

"Video imekatwa," Namba Moja alisema. "Hapa kuna kipande kimetolewa. Nani alizitengeneza hizi video?"

Wote walijua. Video zote mia nne zilipitia kwenye mikono ya fundi mmoja wa kompyuta. Na fundi huyo hakuwa ofisini leo. Alikuwa koridoni, amekalia benchi la ndugu wa wagonjwa, kwa sababu aliyelala mezani ni baba yake mzazi.

"Mleteni kwenye kioo!"

"Haiwezekani," Mkurugenzi alisema. "Ndugu wa mgonjwa haruhusiwi..."

"Mlete, au njoo ukate wewe!"

Loo! Binti ambaye wiki tatu zilizopita alikuwa akimwamkia Mkurugenzi huku ameangalia viatu vyake! Mkurugenzi alituma mtu, na sekunde chache baadaye fundi akasimama pembeni yake, shati limechomoka, macho mekundu.

"Kaka, nijibu upesi," Namba Moja alisema. "Video za baba. Kuna mahali anasimama kabla ya kukata ukanda. Vipande hivyo viko wapi?"

Fundi akaweka mkono kwenye kioo. "Nilivitoa."

"Vyote?"

"Vyote. Mkurugenzi alitaka video zisizo na muda uliokufa. Mashine inajifunza kutokana na mwendo, na pale hapakuwa na mwendo wowote."

"Usinisingizie mimi," Mkurugenzi alidakia. "Nilisema uzifupishe. Sikukwambia sehemu gani."

"Ni kweli," fundi alisema. "Sehemu nilichagua mwenyewe. Nilimwona baba kasimama, kafumba macho, watu wote wanamsubiri. Video baada ya video. Nikajua ameanza kusahau. Nikadhani hakumbuki kafika wapi kwenye operesheni. Niliona aibu, Daktari. Nilimwonea aibu baba yangu. Nikasema afadhali nivitoe mimi kabla mtu mwingine hajaviona."

Sista aliguna chini ya barakoa. Bwana Usingizi akavuta miwani usoni ili apate pa kuangalia.

Ndiyo hivyo, wasomaji wangu. Hakuna adui aliyeingia usiku kuiharibu mashine. Ni mtoto aliyetaka kumstiri baba yake, na kwa sababu hiyo kizazi kizima cha madaktari kilifundishwa kukata bila kupapasa.

"Hakuwa amesahau," Namba Moja alisema. "Alikuwa anatafuta kitu kwa kidole. Kamera haiwezi kuona nyuma ya ukanda."

"Umesimama dakika tatu," Mkufunzi alisema. "Alama zako ni hamsini na sita. Uko katika hatari ya kushindwa somo."

Namba Moja akaweka kisu chini.

Akaingiza ncha ya kidole chembamba nyuma ya ukanda, pale pale ulipo mstari wa kijani. Palikuwa pembamba, pana joto, panateleza. Alifumba macho. Hakuhisi kitu. Alisubiri bado. Moyo ulitaka kumwambia basi, mgeni hayupo, kata tumalize.

Halafu kitu kikamgonga kidoleni.

Tu. Tu. Tu.

"Kuna mshipa," alinong'ona. "Unapiga."

"Angalia sana, Daktari," Bwana Usingizi alisema. "Ukibana kidole mahali pembamba hivyo utasikia mapigo yako mwenyewe. Mimi hunitokea nikiwa natafuta mshipa wa mtu mnene."

Hilo nalo! Yake au ya Mzee? Alibaki kidole ndani, hajui aamini nini. Kisha akasikia mlio wa kifaa cha mapigo ya mgonjwa, ule ambao ukikaa nao kutwa husahau kama upo. Ti... ti... ti. Sabini na mbili kwa dakika. Moyo wa Namba Moja wakati huo ulikuwa unakimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Kidoleni kilipiga taratibu. Kilipiga pamoja na kifaa, hakikupishana nacho hata mara moja.

"Ni wa kwake," alisema. "Mgeni yupo."

Sista akasema kitu ambacho mhariri wangu hataki nikichape.

Mshipa ule si kila mtu anao pale. Wengi hawana. Lakini kwa Mzee Taratibu ulikuwa umepinda nyuma ya ukanda, chini kabisa ya mstari wa kijani. Lau Namba Moja angekata zile milimita nane, angeukata katikati, na damu ingemwagika ndani ambako jicho halifiki.

"Sogeza kisu upande wa pili," Mkurugenzi aliamuru.

"Upande wa pili kuna mshipa mkubwa wa mguu! Niusogeze wapi?"

"Sasa?"

"Sasa nafanya alivyokuwa anafanya yeye. Sista, uzi."

Sista alishamwekea mkononi kabla hajamaliza kusema. Namba Moja akavuta pumzi. Kuupitisha uzi nyuma ya mshipa usiouona, kisha kuufunga, hilo somo Mkufunzi hana. Hakuna aliyemfundisha. Alipitisha sindano nusu inchi. Ikapita salama. Akaigeuza ili itokee upande wa pili.

Mkono ukatetemeka. Ni kidogo tu, kama unavyotetemeka mkono wangu na wako tukibeba kikombe kilichojaa.

Kwanza hakuona kitu. Kisha jeraha likajaa damu hadi juu, nyekundu, yenye mapovu, ikamwagika kwenye shuka na kuanza kudondoka sakafuni.

"Mungu wangu!"

"Bomba! Nyonya! Nyonya hapo!"

"Nanyonya, haiishi!"

Namba Moja akatumbukiza kidole chote ndani ya ile damu bila kuona anakwenda wapi, akapapasa hadi akafika kwenye mfupa, akakandamiza kwa nguvu zake zote. Damu ikapungua, ikawa inachuruzika tu.

"Presha tisini," Bwana Usingizi alisema. "Themanini na tano. Nina chupa mbili za damu hapa, na sina ya tatu."

Nyuma ya kioo fundi alikuwa anapiga kelele, lakini spika ilikuwa imezimwa. Midomo yake tu ndiyo ilikuwa inacheza. Baba. Baba.

"Mkufunzi!" Namba Moja aliita, na hakuona aibu kuita. "Mshipa umechanika nyuma ya ukanda. Nimeukandamiza kwa kidole. Nifanye nini?"

Mstari wa kijani ulibaki pale pale.

"Mkufunzi!"

Mstari wa kijani ukafifia, ukatoweka. Ile sauti tamu ikaja, vile vile bila wasiwasi wowote.

"Sina mfano wa hali hii. Somo limesitishwa. Tafadhali mwite mwalimu wako."

Mnajua, kwa miaka miwili hakuna mwanafunzi aliyewahi kusikia sentensi hiyo. Sista alimtazama Namba Moja. Namba Moja alimtazama Bwana Usingizi. Kisha wote watatu, bila kuambizana, wakatazama kule kichwani mwa meza, kwenye uso wa mzee aliyelala mdomo wazi.

"Hapana," Bwana Usingizi alisema.

"Mwamshe."

"Daktari, huyu ni mgonjwa! Kapoteza damu. Ana miaka sabini na moja. Huwezi kumwamsha mtu kinena kikiwa wazi umuulize maswali!"

"Kuna mtu mwingine ndani ya jengo hili anayejua mshipa huu unafungwaje?"

Bwana Usingizi akatazama chupa ya damu.

"Kidole changu kimeanza kufa ganzi. Kikichoka anakufa. Mwamshe."

Bwana Usingizi akafunga dawa, akaongeza hewa, akamchapa mzee mashavuni kwa adabu, kama anayembishia mkwe mlango. Dakika moja ikapita. Damu ya chupa ya kwanza ikaisha. Sista akaunganisha ya pili.

Kope za Mzee Taratibu zikacheza. Akafumbua macho, akatazama taa, akatazama barakoa moja baada ya nyingine.

"Nani ameshika?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Mimi, Mwalimu."

"Mimi nani?"

"Namba Moja."

Mzee akavuta pumzi. "Mgeni alikuwepo?"

"Alikuwepo." Machozi yalikuwa yanamlowesha barakoa na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Nilimpapasa nikampata. Nikataka kumfunga, nikamchana. Nisamehe, Mwalimu. Nimemkandamiza kwenye mfupa kwa kidole."

"Usilie. Ukilia huoni." Aligeuza macho. "Wewe wa usingizi, presha?"

"Sabini na nane, Mzee."

"Damu?"

"Chupa ya mwisho inaingia."

Mzee akafumba macho. Wote wakadhani amezimia. Lakini midomo ilikuwa inacheza, alikuwa anahesabu kitu. Alipoyafumbua tena, macho yalikuwa makavu na makali, ya yule mzee aliyewahi kuwatoa wanafunzi nje kwa kushika mkasi vibaya.

"Nisikilize, binti yangu. Huwezi kumfunga usiyemwona. Sista akae na bomba upande wako wa kushoto. Koleo ndefu mkono wa kulia. Kisha toa kidole."

"Nikitoa damu itajaa! Utakufa mikononi mwangu!"

"Itajaa ndani ya sekunde nne. Utamwona ndani ya mbili. Toa."

"Mwalimu, nipe muda kidogo. Tuagize damu nyingine. Nusu saa tu..."

"Ganzi ya mgongo ilichomwa saa ngapi?" Mzee aliuliza.

Bwana Usingizi akatazama ukutani, kisha akatazama karatasi yake. Hapo rangi ikamtoka usoni. Ganzi ilichomwa mapema, na baada ya hapo walipoteza dakika arobaini nzima wakisubiri Mkufunzi aunganishwe na kamera.

"Saa mbili zilizopita, Mzee," alisema kwa sauti ndogo. "Na zaidi."

"Basi inaisha, nusu saa hatuna." Mzee Taratibu akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, vidole vikawa vyeupe. "Toa kidole, binti yangu. Toa sasa hivi. Nimeanza kukihisi."